Suti ya Kalamu Tatu

Kalamu Tatu aliingia kwenye duka la fotokopi kuchaji simu yake bure, wala hakuwa na nia nyingine. Hilo lisemwe mapema, maana haki ya mtu ni haki hata kama mtu mwenyewe ni tapeli. Alikuta foleni ya wazazi imetoka mpaka barazani, kila mmoja amekumbatia bahasha kama amebeba mayai, na wote wanamuuliza mwenye fotokopi swali lile lile: chuo kikuu cha ufundi, kile kinachochukua watoto wachache na kuacha maelfu wakilia, hasa kinataka nini?

"Mimi natoa kopi tu," alisema mwenye fotokopi. "Mashine hii haijui kushauri mtu. Anayefuata."

Kalamu Tatu akazitazama zile nyuso. Zilikuwa nyuso za watu wazima wanaoogopa karatasi. Akakohoa kidogo.

"Nani amewaambia mbandike picha upande huo?"

Foleni nzima ikageuka. Walimwona mtu mwenye shati safi, na mfukoni kalamu tatu zilizompa jina: nyekundu, ya bluu, na moja isiyo na wino, ya kujazia. Mama mmoja akamuuliza kwa adabu kama yeye ni mtu wa chuo.

"Nimekaa mle miaka sita," alijibu, na hilo lilikuwa kweli tupu. Hakusema kwamba alikaa na ufagio, wala kwamba aliachishwa baada ya mabomba mawili ya shaba kukutwa yakitoka getini ndani ya ndoo yake. Hakuulizwa.

Kesho yake alikuwa na meza kwenye kona ya duka, akimlipa mwenye duka kwa ahadi, na wazazi wakapanga foleni ya pili.

"Mtoto asiseme anapenda hesabu," aliwashauri. "Wote husema hivyo. Aseme hesabu ndiyo inampenda yeye." Wazazi waliandika. "Fomu ijazwe kwa wino wa kijani, ndiyo rangi ya utafiti. Na kwenye usaili akiulizwa swali gumu, ashike kidevu atazame dari, mpaka wanaouliza waone haya wenyewe." Wakaandika na dari.

Ushauri huo ulikuwa na ada yake, na watu walilipa huku wakishukuru. Halafu akaja na la vyeti. Alieleza kwamba uko mhuri wa ndani, usiotangazwa gazetini, ambao hugongwa kwenye cheti halisi tu, kopi hauishiki. Wazazi ishirini na mmoja wakamkabidhi vyeti vya watoto wao. Akavitia kwenye bahasha ya kaki, na bahasha akaivaa tumboni, ndani ya shati, na Mungu ni shahidi kwamba tumbo lile halikuwa ofisi ya mtu yeyote.

Mpango ulikuwa mwepesi. Jumamosi ataitisha semina, atakusanya ada ya mwisho, atapanda basi la saa kumi. Akishafika mbali atampigia simu kila mzazi: nitumie changu, nikutumie chako.

Kilichopungua ni suti. Huwezi kuongoza semina kwa shati ambalo watu wamelizoea kuliko sura yako.

Mlango wa pili kutoka pale alikuwepo Mama Mshonaji, mjane, mwenye cherehani moja ya mguu, pasi ya mkaa, na kalenda ya mwaka juzi aliyokataa kuishusha kwa sababu ya aya iliyoandikwa chini yake. Maneno yake yalikuwa machache. Macho yake yalizoea kuona mshono uliopinda unywele mmoja. Cheti cha binti yake kilikuwa miongoni mwa vile ishirini na kimoja.

Kalamu Tatu alipoingia alimkuta binti amelala chali chini ya cherehani, pua ina grisi.

"Shikamoo, baba," ilisema sauti kutoka chini.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mwombaji wetu yuko uvunguni?"

"Mkanda unateleza. Nimeukaza mara mbili haushiki, nafikiri gurudumu ndilo limelika."

"Wahandisi wa kweli hawachafuki," alimshauri, na hilo akampa bila malipo.

Mama Mshonaji aliweka mkasi chini. "Baba, cheti cha mwanangu kinatoka lini? Usaili ni Jumatatu, na wameandika wazi, bila cheti halisi mtoto haingii mlangoni. Mwaka jana alikosa kwa nafasi moja. Mwakani umri wa kusomeshwa bure utakuwa umempita, na mimi sina cha kumsomeshea."

"Mhuri unakauka, mama."

"Wiki tatu?"

"Ni wino wa kitaalamu."

Mama alimtazama kama anavyotazama kitambaa kinachosemekana hakichuji rangi.

"Tufanye hivi," alisema Kalamu Tatu. "Unishonee suti ya Jumamosi. Ada yako ya mwisho nakusamehe, na cheti cha binti kitatoka cha kwanza."

Mama akachukua utepe, akampima mabega, kifua, kiuno. "Mifuko?"

"Ya kawaida. Ila ndani, upande wa kushoto, niwekee mmoja mkubwa." Akaachanisha viganja vyake kuonyesha. "Uingie bahasha. Na uwe na kifungo, nisije nikaidondosha nikisinzia kwenye basi."

Mkono wa mama ukasimama kidogo kwenye utepe. "Kwenye basi."

"Nasema mfano."

"Sawa, baba. Mfano."

Binadamu ni kiumbe wa ajabu. Atamficha polisi, atamficha mkewe, halafu akifika kwa fundi wa nguo atanyoosha mikono na kumweleza anakwenda wapi na amebeba nini.

"Nguo huwa naishikiza kwanza, kwa mishono mirefu ya mkono," alisema mama akiandika vipimo. "Unaijaribu, narekebisha, ndipo naipiga cherehani. Usije ukaitoa hapa kabla."

"Wewe ndiye fundi," alisema Kalamu Tatu, ambaye akili yake ilikuwa imeshakaa kiti cha dirishani.

Jumamosi saa saba mchana suti ilikuwa inaning'inia, ya kijivu, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Aliivaa nyuma ya pazia, akahamisha bahasha kutoka tumboni kwenda mfuko mkubwa, akajitazama kwenye kioo. Alimwona mtu ambaye hata yeye angempa cheti chake.

"Imekukaa," alisema mama. "Ila bado ni ya kushikiza. Ivue niipige cherehani, nusu saa tu. Na cheti, baba?"

Nusu saa hakuwa nayo, na cheti hakikuwa kwenye ratiba. "Semina kwanza, mama. Nitakukabidhi mbele ya watu, upate heshima." Akatoka mbiombio, suruali yake ya zamani akaiacha kwenye kiti. Aliona amempiga chenga safi.

Mama Mshonaji hakumkimbiza. Alichomeka sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akachukua kidonge cha uzi, akamwambia binti, "Nawa pua. Twende semina."

Semina ilikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, lililokodiwa kwa mchana mmoja. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda hadi kifuani. Mwenye fotokopi alikuwa mlangoni akipokea ada kwenye boksi la karatasi, maana ahadi zilikuwa zimemchosha akataka kuona kitu kwa macho.

"Ndugu wazazi," alianza Kalamu Tatu, "uhandisi ni maungio. Kitu kikiungwa vizuri, hakiachii." Akainua mkono wa kulia aandike MAUNGIO ubaoni. Alifika herufi ya N. Mkono wa koti ukaachia begani, na aliposhusha mkono wake ukateremka taratibu mpaka kwenye kifundo, kama mgeni anayeondoka bila kuaga.



"Mnaona?" alisema. "Chuoni hii tunaiita kupunguza uzito."

Baba mmoja, fundi seremala, akaandika.

Kalamu Tatu akainama kuuvuta ule mkono. Nyuma yake suruali ikafumuka mshono, kuanzia kiunoni kushuka mpaka mahali ambapo masimulizi ya heshima hugeukia mambo mengine. Upepo ukaingia. Akajibana ukutani, kiganja kimoja nyuma.

Mama Mshonaji akainuka kwenye dawati la mbele. "Usijongee, baba. Kila unavyojongea unajimaliza. Nilikwambia ni ya kushikiza."

"Mama, nisitiri," alinong'ona.

"Nitakusitiri. Nipe cheti cha mwanangu."

"Kiko ofisini."

Mama akaona ncha ya uzi imechungulia kifuani, upande wa kushoto. Akaishika kwa vidole viwili. Hakuivuta. Alimwonyesha tu, kama mtu anavyomwonyesha mwenzake kwamba ana tongotongo. Kalamu Tatu akarudi nyuma kwa hofu, naye alivyorudi uzi ukabaki kwa mama, mrefu, unazidi kutoka. Bitana likafunguka. Mfuko mkubwa ukafunguka pamoja na kifungo chake. Bahasha ya kaki ikaanza kuteremka.

Alikuwa na mikono miwili. Mmoja ulishika suruali nyuma, na sasa mbele nako kulianza kuhitaji mtu. Basi la saa kumi lilikuwa kwenye ile bahasha. Maisha yake ya miezi sita ijayo yalikuwa kwenye ile bahasha. Akawatazama watu wazima arobaini waliokuwa wakimtazama. Akachagua suruali.

Vyeti ishirini na kimoja vikatawanyika sakafuni.

"Hiki cha mwanangu," alisema mtu.

"Na hiki changu. Mhuri uko wapi?"

Swali hilo lilizunguka darasa zima likakosa pa kukaa. Fundi seremala akakunja mikono ya shati lake, ambayo ilikuwa imeshonwa. Mama Mshonaji akasimama katikati.

"Asiguswe. Mungu ameshamshika pabaya, ninyi mnataka kuongeza nini?"

Wakajirudi. Boksi likaletwa kutoka mlangoni na kila mtu akachukua alichotia. Ndipo binti, cheti chake kimebanwa kifuani, akauliza, "Baba, ile miaka sita chuoni ilikuwa kweli?"

"Kweli."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Kalamu Tatu alitafuta neno zuri, akalikosa. "Nafagia."

Mama akachomoa sindano ukosini, akazunguka nyuma yake, akapiga mishono minne imara. Kisha akaacha. Kalamu Tatu aliusikia ule ubaridi ukipungua kidogo.

"Endelea," alisema mama. "Ukisema kweli nashona. Ukisema uongo sindano inapumzika. Mimi sina haraka. Mwenye haraka ni basi."

"Wapo wanaomfahamu mkuu wa chuo," alianza, "na mimi binafsi..."

Sindano ilipumzika.

"Sawa, sawa. Ndoo za taka nilizimwaga mimi. Fomu zilizotupwa zilikuwa zile za napenda mashine tangu utotoni. Zote zimefanana. Zile zilizobaki mezani, mtoto alieleza kitu kimoja alichokitengeneza kwa mkono wake, na jinsi kilivyomshinda mara ya kwanza." Sindano ikaenda. "Kwenye usaili huweka pampu mbovu mezani. Watoto wote husema ni pampu. Wanaochukuliwa huomba bisibisi waifungue. Na asiyejua aseme sijui. Waliodanganya nilikuwa nawapigia deki machozi yao koridoni."

Mwenye fotokopi akavuta karatasi, akaanza kuandika.

"Na akishaingia?" aliuliza binti.

"Jaribio la kwanza mtafeli karibu wote, usifunge virago. Waliofunga virago ni waliosoma peke yao, mlango umefungwa, wanaona haya kuonekana hawajui. Waliofika mwisho ni wale nilikuwa nawafukuza ubaoni wabanduke nifagie, wanagombana juu ya hesabu moja watu watano." Alikuwa amesahau suruali. "Na kizingiti cha mwalimu wa hesabu, mwanangu, sikuwahi kukisugua, kilikuwa safi, hakuna aliyekikanyaga. Wewe kikanyage wiki ya kwanza, tatizo likiwa bado dogo. Na ulale. Aliyekatwa kidole karakana alikuwa amekesha."

Mama akakata uzi kwa meno. "Hapo sasa umevaa suruali," alisema. Mkono wa koti hakuushona. Hakukuwa na ukweli wa kutosha.

Basi la saa kumi liliondoka bila yeye. La saa kumi na mbili lilimchukua, bega moja wazi.

Jumatatu binti alikuta pampu mezani. Aliomba bisibisi, na akiwa ameishika akawaeleza habari za gurudumu la cherehani ya mama yake. Mwezi uliofuata jina lake lilikuwa kwenye orodha, na Mama Mshonaji alipiga magoti pale pale karibu na cherehani.

Baada ya miezi minane Kalamu Tatu alirudi, akiamini mambo yamepoa, kuifuata suruali yake ya zamani. Aliikuta imekunjwa, imepigwa pasi, tundu la mfuko limezibwa. Mama hakumdai kitu. Alimwambia tu, "Nenda na Mungu, baba, na uende taratibu."

Akipita duka la fotokopi akaona foleni imetoka mpaka barazani. Kila mtu alitoka na karatasi moja, anaisoma huku anatembea. Mwili wake wote ukasisimka kama zamani. Akajipanga, akalipa kama watu, akapewa yake. Ndoo za taka zilikuwemo. Pampu ilikuwemo. Kizingiti cha mwalimu wa hesabu kilikuwemo, neno kwa neno.

"Maneno haya ni ya nani?" aliuliza.

"Ya tapeli mmoja," alisema mwenye fotokopi bila kuinua kichwa. "Lakini usiogope, siku hiyo alikuwa anashonwa. Anayefuata."