Laptop ya Mhasibu Wetu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Asali yote imekwenda! Mnunuzi kutoka Igalula hakubakiza hata ya kulamba. Sasa Shukrani atapata laptop. Binti yangu anajifunza kutengeneza muziki kwa Mwalimu Raymundi, kule karibu na stesheni. Darasa lina kompyuta moja tu, wanaigombea kama bomba la maji. Mwalimu amesema asiye na mashine yake hadi Jumatatu ijayo, nafasi yake atapewa mwingine. Shukrani hakulia aliponieleza. Alikaa tu akigonga meza kwa vidole, taratibu. Bora angelia.

Nimeamua. Kesho naenda dukani mwenyewe, kimyakimya. Nimshangaze! Mtu ninayejua mzinga wenye asali kwa kuusikiliza tu, nitashindwa na kompyuta?

Jumanne, 4 Juni

Nilikwenda kwa Mabruki, anayeuza laptop zilizotumika. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake ya kuinama kabisa. Akauliza mwanafunzi anasomea nini. Nikafungua mdomo niseme muziki. Nani yuko kwenye benchi, ameleta simu itengenezwe? Yustina! Mwenyekiti wa jumuiya yetu kanisani. Mama wa Advera anayesomea uuguzi, habari ambayo hata mbuzi wa Ntalikwa wanaijua. Na ni yeye niliyemwambia siku ya Pasaka kwamba Shukrani anasomea uhasibu. Sikupanga. Aliniuliza mbele ya watu, ulimi ukatangulia.

Basi nikasema: uhasibu.

Mabruki akasema kwa uhasibu haihitajiki mashine kubwa. Akanitolea moja nyembamba kama sahani, rangi ya fedha, betri yake inakaa kutwa. Yustina akaipapasa, akasema hii ni ya kiofisi hasa. Nilirudi nyumbani nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Ushindi!

Jumatano, 5 Juni

Si ushindi.

Shukrani alinikumbatia hadi kilemba kikanivuka. Akaiwasha, akaweka programu yake ya muziki. Ngoma ya kwanza, sawa. Ngoma ya pili, feni ikaanza kuvuma. Alipoongeza kinanda, kila kitu kikaganda. Ikabaki sauti moja inajirudia, kama jogoo aliyekabwa. Akanieleza kwa upole kwamba RAM ni ndogo, mashine haiwezi kubeba sauti nyingi kwa pamoja. Upole ule ndio ulioniumiza. Akauliza: "Mama, ulimwambia ni ya muziki?"

Nikamwambia chai inapoa.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya. Nimerudi kwa Mabruki ili anibadilishie. Nikasema binti anafanya uhasibu mzito. Akauliza mzito wa namna gani. Nikasema wenye sauti. Akanitazama. Nikaongeza kwamba hesabu zikiwa nyingi lazima zisikike, kwa hiyo anataka RAM kubwa na tundu la hedifoni lisilokwaruza. Mabruki akajikuna kichwa. Akasema nimlete mhasibu huyo achague mwenyewe, maana akibadilisha mara hii basi, hakuna nyingine.

Njiani nikakutana na Yustina. Anaomba Shukrani aje Jumapili aifafanulie jumuiya hesabu zake. Nikasema bila shaka. Kwa nini nilisema bila shaka?

Ijumaa, 7 Juni

Tulikwenda mapema, watu wasituone. Njiani nikamwonya Shukrani: akiulizwa, aseme uhasibu. Akasimama katikati ya barabara. Hapo ndipo alipojua.

"Mama, unanionea aibu?"

Nikasema hapana, naogopa. Akauliza naogopa nini. Nikamwambia tuwahi, duka litajaa watu. Akatangulia mbele. Sitaki tena kutembea nyuma ya mwanangu namna ile.

Dukani hakunisubiri. "Kaka, mimi natengeneza muziki." Mabruki akapiga meza. Kumbe! Sasa ameuelewa ule uhasibu wenye sauti! Akaingia ndani, akatoka na laptop nene, nyeusi, kona imechubuka. Mbaya jamani! Nikasema ile ya fedha inapendeza zaidi. Hakuna aliyenisikiliza. Shukrani akachomeka flashi yake. Akaongeza ngoma, kinanda, filimbi, waitikiaji. Feni ilinong'ona tu. Mabruki akaunganisha spika ya duka, na kuta zikatetemeka. Sikuwahi kusikia kazi yake ikiwa nzima. Mabega yangu yakaanza kucheza bila kuniomba ruhusa.

Nageuka, Yustina yuko mlangoni, amefuata simu yake. Naye anacheza! Akauliza huo wimbo ni wa nani. Shukrani akanitazama. Nikajibu mimi.

"Wa binti yangu. Ndicho anachosomea."

Akauliza, na uhasibu je? Nikasema uhasibu haupo. Nikangoja aibu inimwagikie. Yustina akacheka hadi akashika fremu ya mlango. Kisha akasogea, akaninong'oneza kwamba Advera aliacha uuguzi tangu Februari. Anashona magauni Nzega, na anashona vizuri. Tukashikana mikono tukacheka kama wasichana, hadi Mabruki akapunguza spika ili ajue kulikoni.

Jumatatu, 10 Juni

Shukrani ameondoka asubuhi na lile dude lake jeusi mgongoni. Amepiga simu: nafasi ni yake. Nimelia kidogo, jikoni, peke yangu. Na nimejifunza. Uongo unachosha mwili! Kuanzia leo mimi ni ukweli mtupu.

Mchana mdogo wangu Julieth ameniletea mwanawe Benjamini, akae kwangu akijifunza kunyoa katika saluni moja hapa mjini. Kijana msikivu. Tulikuwa bado tunashusha begi lake, jirani yetu Mzee Mahona akapita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mgeni amekuja kusomea nini.

Kunyoa! Nimwambie hivyo Mzee Mahona, ambaye wajukuu wake wote wako chuo kikuu?

Nikasema: upasuaji. Wembe si ni ule ule?

Mzee amefurahi mno. Anakuja Jumamosi na jipu lake.