Mabawa Matatu ya Mwalimu Otiende

Jumanne, 10 Juni 2025. Ukungu hadi saa tatu, kisha manyunyu.

Mwalimu Otiende, mstaafu kutoka Homa Bay, kando ya ziwa, ameniletea propela ya shaba ndani ya gunia la majani chai. Ni ya boti yake ya starehe, ya mbao, iliyoundwa kabla yeye hajaanza kufundisha. Ikienda inatetemeka. Vikombe vinashuka mezani vyenyewe. Jumapili bintiye Millicent anavushwa nayo kwenda kanisani kuolewa. Amesikia niliponya mashine ya kusaga unga iliyokuwa ikitikisika kule Magwagwa. Boti ikitulia, atautangazia ufuo mzima jina langu, Kemuma. Isipotulia, atalitangaza vilevile.

Alianza kueleza habari za shafti, chuma kirefu kinachoizungusha propela. Nikamkatiza kwa adabu. Mgonjwa hamfundishi daktari.

Bosire, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara hapa Nyakoe, aliuliza kwa sauti kama najua kuogelea.

Jumatano, 11 Juni. Baridi, mawingu.

Nimepitisha chuma katikati ya propela na kukilaza juu ya viti viwili. Bawa zito lazima lishuke. Mabawa yote matatu nimeyaandika kwa chaki nisiyachanganye: Mathayo, Marko, Luka. Luka akashuka. Nikaitoa propela, nikamsaga Luka kwa grinda, nikairudisha. Mathayo akashuka. Nikamsaga. Marko naye. Kisha Luka tena. Kufikia saa kumi nina unga wa shaba nusu kikombe.

Bosire akauliza kama Yohana ndiye aliyesagwa akaisha.

Alhamisi, 12 Juni. Jua, bila sababu.

Chuma chenyewe kimepinda. Ni kile nilichokitoa kwenye mashine ya Magwagwa, na nilikitoa kwa sababu kimepinda. Kila niliporudisha propela, bawa lililoangukia upande uliopinda ndilo lililoshuka. Kwa hiyo propela ililetwa ikiwa nzima. Sasa ndiyo imekuwa mgonjwa.

Nimeazima chuma kilichonyooka. Luka amekonda vibaya. Lazima aongezwe shaba, na mwenye gesi ya kuchomelea shaba Nyakoe nzima ni mmoja.

Ijumaa, 13 Juni. Mvua tangu asubuhi.

Nimemwendea Bosire. Nikamwambia ni feni ya mashine ya unga. Akauliza feni za unga zimeanza lini kuota konokono wa ziwani. Leo ana kazi hadi jioni. Yangu ataishika kesho.

Kesho ni Sabato. Nimelifikiria jambo hili kwa utaratibu. Amri inanikataza mimi, mtumishi wangu, mnyama wangu, na mgeni aliye ndani ya malango yangu. Bosire ni Mkatoliki, si mtumishi, kuhusu mnyama sina ushahidi, na yuko ng'ambo ya barabara.

Sharti lake: niseme mbele ya wateja wake kwamba nimeshindwa. Nikasema. Akadai hakusikia, mvua inapiga mabati. Nikasema tena.

Jumamosi, 14 Juni. Anga safi. Naandika baada ya jua kutua.

Mzee Ogeto alihubiri juu ya pumziko. Grinda ya Bosire ilisikika mpaka ndani ya kanisa. Niliusikiliza tu mlio. Kusikiliza si kazi. Shemeji Gladys akaninong'oneza nifunge macho, watu wanaomba.

Jua lilipotua nikakimbia sokoni. Kwa Bosire kumefungwa. Mama wa ndizi akaniambia Mwalimu alifika saa nane, akamkuta Bosire na propela, na huyo Bosire akamwacha aeleze habari za shafti mpaka mwisho. Kumbe mafundi wa ziwani walishamwambia shafti ndiyo iliyopinda. Wameondoka pamoja, na vifaa vyote vya kunyooshea.

Kwa hiyo jina litakalotangazwa ufuoni si langu. Alfajiri nakwenda.

Jumapili, 15 Juni. Ziwa limelala, upepo hakuna.

Nimefika saa mbili. Boti inanguruma kama paka aliyeshiba. Bosire alikuwa kwenye usukani, amevaa kofia ya mtu mwingine. Nilikuja tayari kwa ugomvi. Lakini mbele ya wazee wa ufuo akasema mabawa ni kazi ya dada Kemuma, yeye amenyoosha shafti tu. Mwalimu akanipa mkono na kuniita fundi. Tukavuka wote, Millicent na chai mkononi, na gauni likafika jeupe.

Wote wakaingia kanisani. Nikabaki kulinda boti. Nilikuwa nimeshapata jina. Kilichobaki ni kukaa kivulini na kungoja samaki.

Nilipoegemea nyuma nikahisi mtetemo mdogo sana. Injini ilikuwa imezimwa, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Nikalegeza bolti nne zinazoishikilia, nikaisogeza kidogo, nikazikaza kabla wimbo wa mwisho haujaisha.

Wakati wa kurudi, keki ilipanda botini ikiwa na ghorofa tatu. Ng'ambo ilishuka na moja. Bibi harusi alisafiri ameshikilia meno ya bandia ya baba yake, yaliyokuwa yamemtoka. Bosire aliniuliza taratibu nimegusa nini. Mwalimu hakuuliza. Alisimama juu ya jiwe akayatamka majina yangu, yote matatu, mpaka wauza samaki wakageuka.

Nimerudi nyumbani, nimekaa na daftari, na kosa nimeliona. Nililegeza bolti nne. Injini ile ina sita. Alhamisi Mwalimu atakuwa amepoa. Nitakwenda na spana kubwa zaidi.

Naenda kulala: saa sita na dakika kumi usiku.