Dakika Sita za Mtanashati

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi ya ajira ya kudumu ni moja. Makarani wa muda hapa uwanjani tuko wawili: mimi na Mtanashati. Ijumaa bosi anachagua. Leo amebandika chati ya ndege zilizoondoka kwa wakati. Za Mtanashati: zote. Zangu: zote kasoro moja, na ile ilizuiwa na ukungu! Bosi alimwita "mwanangu". Mimi aliniita "wewe wa kaunta".

Jumanne, 4 Machi
Nimempatia dawa. Ndege haiondoki bila karatasi ya uzito wa abiria na mizigo, na karatasi za ndege zote, hata zake, lazima nizigonge muhuri mimi. Kesho, ndege yake ya kwanza ikisubiri, nitautafuta muhuri kwa dakika sita. Sita tu! Nani atajua?

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya! Muhuri ulikuwa mfukoni. Mtanashati akanipa pole, eti kila mtu hupoteza vitu. Mnafiki mkubwa.

Jioni. Balaa! Kumbe ndege ile ile huzunguka miji mitatu, kisha hurudi kuwa yangu. Mji wa kwanza ilikosa zamu ya kutua: dakika sita zikawa ishirini. Wa pili, wapakizi walishakwenda kwenye ndege nyingine: hamsini. Wa tatu, marubani wakamaliza saa zao za kazi, wakasubiriwa wengine. Imenifikia imechelewa kwa saa tatu. Abiria mia na arobaini, wote juu yangu! Bibi mmoja aliniuliza, mjukuu wangu, mama yako anajua unafanya kazi hii? Mtanashati, ambaye zamu yake ilishakwisha, alibaki kugawa maji. Wakampigia makofi.

Alhamisi, 6 Machi
Chati mpya. Yeye dakika sita, mimi saa tatu. Nikamweleza bosi kwa adabu kuwa chanzo ni ndege ya Mtanashati. Akauliza ilicheleweshwa na nini. Muhuri ulipotea, nikasema. Akauliza muhuri wa nani. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Ijumaa, 7 Machi
Ameajiriwa yeye. Tena ameniombea miezi mitatu zaidi, na bosi amekubali kwa hisani yake! Nimemshukuru hadi taya zikauma.

Kosa langu nimeliona: nilichelewesha ndege ya kwanza. Ya mwisho ya siku inalala huko iendako. Marubani watalala saa zao zote za lazima, ndege italala, na kuchelewa kutalala. Kesho jioni ya mwisho ni ya Mtanashati. Muhuri utapotea saa nzima!

Jumapili nitakuwa mtulivu kabisa. Nina ndege moja tu, ile inayorudi asubuhi kutoka huko.