Kiti cha Mbele ni Changu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Mwanamume gani anamweka dada yake kiti cha mbele na mkewe nyuma pamoja na ndoo na gunia la viazi? Nakuuliza wewe, mzee, na jibu sitaki. Ndevu nyeupe zote hizo na bado hujui nani akae wapi.

Niandike kwa utaratibu. Nikikasirika mwandiko wangu unapanda mlima. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hasira naijua kuiandika.

Mume wangu ameendesha malori maisha yake yote. Mimi nikalea watoto, yeye akaleta vumbi. Kila akiondoka aliniambia, nikistaafu utakaa mbele pembeni yangu nikuonyeshe dunia. Haya. Kastaafu. Akanunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akatia kitanda, jiko na rafu za vyombo. Tukafunga nyumba. Sasa tunazunguka tu. Tunalala tunapochoka, tunaondoka tukichoka kulala. Gari nimeliita Kikohozi, maana haliwaki mpaka likohoe kama mvuta tumbaku.

Siku ya kuondoka nilivaa gauni la kijani. Nafika mlangoni, nani kakaa mbele? Wifi yangu, dada wa mzee, mkoba mapajani, mkanda keshafunga. Mjane, watoto wake wako mbali, mzee hakutaka kumwacha peke yake. Mimi sikukataa. Nilidhani anasindikiza mpaka mji wa pili. Huu ni mwezi wa pili. Anasema akikaa nyuma anatapika.

Basi mimi niko nyuma, kitandani. Dirisha nimeliziba kwa mabegi ili viazi visichomwe na jua. Sioni kitu. Habari za dunia naletewa na wifi. Leo kageuka kaniambia, wifi, laiti ungeuona mto tuliovuka. Nikamwambia mto nimewahi kuuona.

Kile kiti ni changu. Kesho nakichukua.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mpango mwepesi. Kama kiti ni cha mwenye kichefuchefu, basi na mimi ninacho.

Nikaanza asubuhi. Kila kona nikaguna. Kona ya nne nikashika tumbo. Kona ya sita nikamwita marehemu mama yangu. Mzee akasimamisha gari, akaja nyuma, akanishika paji la uso. Nikaona mambo yameiva. Nikasema kwa sauti ya mgonjwa kwamba pengine ningekaa mbele penye hewa.

Mzee akasema hewa haitoshi, hii inahitaji dawa. Akanipeleka duka la dawa kwenye mji uliokuwa mbele yetu. Muuza dawa, binti wa kucha ndefu, akaniuliza hali ni mbaya au ya kawaida. Mimi na kiburi changu nikasema mbaya sana. Akanipa vidonge viwili badala ya kimoja.

Nililala toka pale dukani mpaka jua linazama. Nimeamka shavu lina alama za gunia. Naambiwa tumepita maporomoko ya maji na wenzangu wote wawili wakashuka kupiga picha. Naambiwa pia mayai niliyojichemshia wifi kayala yasije yakaharibika. Kanihurumia, anasema.

Tumbo sasa linauma kweli. Njaa.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Leo nimetumia akili zaidi. Maziwa.

Wakati wenzangu wananawa uso, nikamimina kikombe kizima kwenye kiti cha mbele, kule chini panapokutana mgongo na makalio. Jua lilikuwa kali. Kufika saa sita Kikohozi kilinuka kama zizi. Nilingoja wifi akimbilie nyuma. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumkaribisha.

Hakukimbia. Mzee ndiye aliyesimama, kwenye kituo cha mafuta chenye bomba. Akatoa spana, akafungua bolti, akakitoa kiti kizima nje. Akakisugua kwa sabuni na brashi ya viatu, taratibu, kama anaogesha mtoto. Halafu akakipandisha juu kwenye keria na kukifunga kwa kamba kikauke.

Wifi akachukua ndoo yangu, ndoo ninayoogea, akaifudikiza pale mbele, akakaa. Kila kona anamshika mzee bega asianguke. Bega. Mimi nyuma naangalia.

Jioni askari wa barabarani akatusimamisha. Akachungulia ndani, akamuuliza mzee huyu mama kwenye ndoo ni abiria au ni mzigo. Mzee akasema ni dada yangu. Askari akasema dada apelekwe nyuma, ndoo haina mkanda. Wifi akaletwa kitandani kwangu. Tukakaa bega kwa bega kama maharusi wasiopendana. Kasukuma mabegi yangu pembeni, kafungua dirisha, katoa pua nje. Mzee mbele peke yake anapiga mluzi.

Ninachoshangaa, wifi hakutapika hata kidogo.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimeamka kabla yao. Nilifikiri hivi: kiti kimekauka, nikishushe mwenyewe, nikiweke, nikae. Atakayeamka atanikuta. Nani atamnyanyua bibi wa umri wangu?

Nikapanda ngazi ya nyuma. Nikafungua kamba ya mzee. Nikavuta kiti. Hakikusogea. Kizito kama ndama. Nikavuta tena, mgongo ukaniuliza unanitafutia nini. Nikaacha. Nikakifunga upya kwa fundo langu mwenyewe, lile la kufungia kuni. Kuni zangu hazijawahi kuanguka hata siku moja.

Ila kuni huwa natembea nazo polepole. Sikimbii nazo kwenye milima.

Mchana tumesimama kupika, mzee kaangalia juu. Kiti hakuna. Kamba tu inaning'inia kama mkia. Wifi akasema itakuwa upepo. Nikasema ndiyo, upepo wa siku hizi hauna adabu.

 Mzee akakaa kwenye ngazi ya mlango, mikono magotini. Chakula hakugusa. Ningependa apige kelele, kelele ningezijibu. Mwisho akasema tunarudi tulikotoka kukitafuta, hata ikichukua wiki. Nikamwambia ni kiti tu, mzee, tutapata kingine. Akaniangalia kama mtu niliyemkanyaga.

Kwa kiti kilichochakaa vile. Simwelewi.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Tumekipata. Naandika mikono ikinuka sabuni.

Tulirudi mlimani tunauliza kila mtu. Wachimba mitaro wakasema hawajaona. Kwenye kona kali, kando ya barabara, kuna kibanda cha chai. Mbele ya kibanda, kiti chetu, na dereva wa lori kakikalia, miguu kainyoosha, kikombe tumboni. Wengine wawili wanangoja zamu.

Mwenye kibanda ni mama mnene mwenye sauti ya kuuza. Nikamwambia hicho kiti chetu. Akaniambia kilishuka chenyewe mlimani, kikapiga pindu, kikasimama wima mlangoni kwake. Kitu kikija kwa miguu yake, bibi, si cha kufukuzwa. Wateja wakacheka.

Nikaona nguvu hazifai. Nikatumia akili. Nikainamisha kichwa, nikasema kwa huzuni, kikalieni tu wanangu, ila mjue mume wangu kafia hapo. Juzi tu. Hata hatujamaliza kulia.

Dereva wa lori akaruka, chai ikammwagikia. Mwenye kibanda akashika mdomo. Kazi ilikuwa imekwisha, kazi safi kabisa. Ndipo marehemu akatokea upande wa gari, anafuta mikono kwa kitambaa, akasema habari zenu, mke wangu vipi, wamekubali?

Sina la kuongeza. Yule mama alicheka mpaka akaanguka kwenye kiti chenyewe na hapo ndipo tukakikosa zaidi, maana akasema sasa hatoki hata kwa winchi.

Wifi akanisogeza pembeni. Hakupiga domo. Akachuchumaa mbele ya yule mama akamwambia, dada yangu, kiti hiki kimetoka kwenye lori la kaka yangu. Siku ya kustaafu kampuni ilimuuliza anataka zawadi gani. Wengine wanaomba saa, yeye akaomba kiti cha abiria. Miaka yote alikuwa anasafiri peke yake, na kile kiti kitupu ndicho alichokuwa anazungumza nacho. Anakisimulia bei ya mahindi, daraja lililobomoka, mtoto aliyeota jino. Alikuwa anajifanya mkewe kakaa pale. Haya kaniambia jana, hakuwahi kumwambia mtu.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikainama kutoa kijiwe kwenye kiatu. Kijiwe hakikuwemo. Nilikitafuta muda mrefu.

Yule mama akainuka mwenyewe. Akapangusa kiti kwa upande wa kanga yake. Akasema tu kwamba wateja wake sasa hawatakubali kukaa kwenye mawe, na mzee akamwambia hilo ni dogo, akachukua mbao zilizokuwa nyuma ya kibanda akampigia benchi. Mimi nikapewa vikombe vya kuosha, adhabu ya kumzika mtu mzima akiwa hai. Nimeosha mpaka jioni.

Kiti kikafungwa mahali pake. Wifi akaniambia, panda basi, kaa mbele, mimi nyuma sasa napaweza, kumbe shida ilikuwa dirisha kuzibwa tu. Halafu akaniuliza, wifi, kwa nini hukusema siku ya kwanza? Ungesema ningekupisha.

Niombe kiti changu mwenyewe? Huyu mwanamke hana akili.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nimekaa mbele. Gauni la kijani.

Niandike ukweli. Springi moja imechomoza upande wa kushoto na inajua pa kunichoma. Miguuni panatoka joto la injini kama jiko la mkaa. Jua linaniangalia usoni siku nzima.

Hayo navumilia. Tatizo ni mzee. Haongei. Nimemwonyesha ng'ombe, kanyamaza. Nimemuuliza mlima ule unaitwaje, kaguna. Nimemwambia habari za mtoto wetu wa tatu na yule mchumba wake asiye na haya, kasema mm. Mchana kutwa, mm. Mwanamume aliyezungumza na kiti miaka yote, leo kiti kina mtu, kawa bubu.

Jioni nikamkamata. Nikamuuliza, baba watoto, nimekukosea nini? Akafikiri sana. Akasema hajakasirika. Amezoea kiti kisichomjibu.

Huko nyuma wifi anaimba. Kaning'iniza kichwa dirishani, kakiegemeza juu ya gunia la viazi. Anapiga kelele, wifi, tazama tausi. Sikugeuka. Shingo imekaza.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimepata dawa yake.

Baada ya chai nilipanda mbele, nikafunga mkanda, nikafumba macho. Nikaachia mdomo kidogo. Hata kukoroma nikakoroma, si sana, kistaarabu. Kikohozi kikakohoa, tukaondoka. Kilima cha kwanza kimya. Cha pili kimya. Kwenye tambarare mzee akakohoa na yeye, akaniangalia. Halafu akaanza.

Akakiambia kiti kwamba barabara hii alipita ikiwa tope. Akakiambia mtoto wa tatu kapiga simu, watoto wanataka turudi nyumbani tukae tutulie, wanasema tumezeeka, na yeye kawaambia hilo analiamua mama yao. Akakiambia maziwa aliniona nayamwaga, kwenye kioo cha pembeni. Na fundo la kuni alilitambua palepale, ndiyo maana hakula, alikuwa anahofia nilivyopanda ile ngazi gizani na goti langu hili bovu. Akasema hakuna barabara iliyowahi kumpendeza kama hii, maana nipo pembeni yake, na hata nikilala nanukia chakula. Sauti yake ilikuwa ya kijana. Sijawahi kuisikia nyumbani.

Nilikuwa nimefumba macho lakini yalikuwa yanavuja. Nikageuzia uso mlangoni. Nilitaka nimshike mkono. Nilitaka nimjibu mambo yasiyopungua kumi. Nikakoroma.

Laiti angeishia hapo.

Akavuta pumzi, akakiambia kiti kwamba kuna jambo moja hajawahi kumwambia mtu. Chai. Chai ya dada yake ni tamu. Ya huyu mama, Mungu amsamehe, amekunywa tangu ujana kwa ajili ya ndoa.

Niliendelea kukoroma. Sijui nilipata wapi nguvu. Nimekoroma mpaka tuliposimama, kisha nikashuka bila kumtazama na nikaenda moja kwa moja kwenye rafu ya vyombo. Kopo la sukari na kopo la chumvi yanafanana, yote ya bluu, yote yana mfuniko uliobonyea. Nimeshayabadilisha nafasi. Hakuna aliyeniona, na kioo cha pembeni nimekigeuza.

Sasa sikiliza, wifi. Kesho amka mapema. Washa jiko, shika birika, mpikie kaka yako ile chai yake tamu. Tia vijiko vitatu kama kawaida yako, koroga vizuri, mpelekee mwenyewe mkononi. Usionje.