Mgeni wa Heshima Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Aprili 1995. Busia.
Ajabu! Fundi kutoka Kisumu ametuwekea hifadhidata ya mizigo kwenye kompyuta ya ofisi. Kila mtu anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, na mashine inajua nani aguse nini. Petronilla, karani mwenzangu, aliandika jina lake, kila kitu kikafunguka. Mimi niliandika Okinyi, nikaruhusiwa kusoma tu. Miaka sita napeleka makaratasi forodhani, na mashine imekijua cheo changu kwa dakika moja! Nilisisimka mwili mzima. Mzee Paulinus, mwenye kampuni, amesema Ijumaa atachagua msimamizi wa kompyuta. Atakayechaguliwa atakalia kile kiti kinachozunguka. Lazima kiwe changu.

Jumanne, 4 Aprili.
Petronilla ametumwa Malaba hadi Alhamisi. Alikimbilia gari, akaacha mashine wazi. Nikafungua ukurasa wa ruhusa. Ee Bwana! Ofisi nzima imo mle kwa vikundi: Wakuu, Watumiaji, Wageni. Nimejipandisha kwa Wakuu. Petronilla nimemshusha kwa Watumiaji. Je, Mzee? Mzee mzima achanganywe na sisi wafanyakazi? Kwetu mgeni ndiye hupewa kiti kizuri na firigisi, na hagusi jembe. Nimemweka kwa Wageni, peke yake, kwa heshima zote. Akijua nilivyomtukuza, kiti ni changu.

Jumatano, 5 Aprili.
Nimeandika programu! Mimi! Nimefuata kitabu cha fundi, neno kwa neno. Mgeni akiingia, mashine inamsalimu kisha inajifunga, asije akachoka. Niliijaribu kwa jina la Mzee (neno lake la siri ni jina la ng'ombe wake, kila mtu analijua). Ikanikaribisha. Nikavua kofia. Baadaye nimeongeza agizo moja, kwa sababu hakuna anayekula kabla ya mgeni: mgeni asipohudumiwa, mwingine yeyote asiingie.

Alhamisi, 6 Aprili.
Siku mbaya. Mteja wetu, Mama Ayoo wa Osieko, alifika na pikapu ya magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, anavuka kwenda Uganda. Mawingu meusi. Mzee akataka kumtolea makaratasi ya forodha kwa mkono wake mwenyewe, mama aone maendeleo. Akaandika jina. Mashine ikajibu: Karibu mgeni wetu. Keti, utahudumiwa. Ikajifunga.
Mzee akaketi! Akamwambia na Mama Ayoo aketi. Dakika arobaini, mikono magotini, wanatazama kioo cheusi. Wafanyakazi wote wakasimama. Mimi pia nilisimama wima, machozi yakinilengalenga. Maneno yangu yamemkalisha Mzee Paulinus!
Kisha matone. Mama Ayoo akaruka, akasema, “Boss, omena yangu ikilowa, utaikula wewe!” Nikakimbilia kiti kinachozunguka, nikaandika jina langu. Jibu: Subiri. Mgeni hajahudumiwa. Nikaandika tena. Subiri. Nilimwomba Mungu. Subiri.
Petronilla akaingia, amelowa, ametoka Malaba. Alitazama kioo, akanitazama mimi. Akatoa disketi mkobani, imefungwa kwa kitambaa. Ilikuwa nakala ya kila kitu, kama kilivyokuwa Jumatatu. Akaiwasha mashine upya kwa disketi hiyo; dakika nne, makaratasi yakatoka. Nilistaajabu hadi nikasahau kuogopa. Magunia mawili yalikuwa yamelowa.

Ijumaa, 7 Aprili.
Kiti amepewa Petronilla. Mzee amerudi kwa Wakuu. Mimi nimerudi kusoma tu, na nimeanika ile omena iliyolowa nyuma ya ofisi tangu asubuhi, nikifukuza kunguru. Petronilla hakunitukana. Aliniletea maji ya kunywa, akaniuliza kwa upole nilikuwa nawaza nini. Niliona aibu, kweli.
Nikigeuza omena nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Tulimkaribisha mgeni, tukamkalisha, halafu hakuna aliyempa chai! Ni agizo moja tu lililokosekana. Jumatatu Petronilla anampeleka mamake hospitali ya Alupe, na Mzee hajabadilisha jina la ng'ombe.