Moshi Wangu, Makofi Yake

Jumatatu, 9 Machi
Leo mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi ametangaza atakayetuwakilisha kwenye mkutano wa nchi jirani, utakaofanyika hapa hapa mjini kwetu, kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Nilishasimama na kunyoosha kola. Akamtaja Bwana Baridi. Shemeji yangu, fundi friji! Eti anajua kuinasa gesi ya friji isitoroke angani. Mimi, fundi jenereta, niliwahi kumnasa chatu kwa waya wa plagi, mbona sikupelekwa popote? Nimempa mkono wa pongezi. Umeniuma mpaka begani.

Jumanne, 10 Machi
Bwana Baridi kaja kula kwetu, kitambulisho cha mkutano kinaning'inia shingoni. Hakukivua hata wakati wa kunawa. Kikadondokewa na mchuzi, mke wangu akakifuta taratibu kama uso wa mtoto. Mimi nikijimwagia huambiwa mtu mzima ovyo.

Binti yangu akamuuliza mjomba wake tabianchi ni nini. Nikawahi kujibu. Ni tabia za nchi. Nchi zina tabia mbaya, zinanuniana, sasa zinaitwa zikanywe. Bwana Baridi akacheka mpaka akapaliwa. Akasema ni hali ya hewa ya miaka na miaka, na moshi wa kila nchi ndio unaoivuruga. Nikamwambia mambo ya moshi nimeyaanza yeye akiwa bado anatambaa. Mke wangu akasema hilo ndilo tatizo lenyewe. Wakacheka wote watatu. Ndani ya nyumba yangu.

Jumatano, 11 Machi
Njia imepatikana. Umeme wa ukumbi wa mkutano unakatikakatika. Nimemwambia msimamizi kwamba jenereta langu liliwahi kuwasha mji mzima, uwanja wa mpira ukiwemo. Akauliza kama linatoa moshi. Nikasema kidogo tu, kama wa ubani. Kesho naingia. Kitambulisho sina, ila nimefunga bisibisi kwenye kamba nikaivaa shingoni. Ukiwa mbali huoni tofauti.

Alhamisi, 12 Machi
Asubuhi nzima wajumbe wawili, mmoja mrefu na mwingine wa miwani, walibishana nchi ya nani ianze kupunguza moshi. Mrefu anasema anzeni nyinyi. Wa miwani anasema nyinyi ndio mliotangulia kuchafua. Mkalimani alichoka, akawa anasema tu, vilevile kama mwanzo. Bwana Baridi yuko kiti cha mbele, anatikisa kichwa kama mwenye lugha zote mdomoni.

Umeme ukakatika. Roho yangu kwatu, furaha tupu. Nikavuta kamba ya kuwashia. Jenereta nilikuwa nimeliweka chini ya dirisha, ili waone nani kawaletea mwanga. Moshi ukatangulia kuingia. Mwanga haukufika kabisa. Watu wote wakatoka mbio wakikohoa, na kikohozi hakikuhitaji mkalimani. Jenereta nalo likagoma kuzimika. Mrefu akashika huku, wa miwani akashika kule, wakalisukuma mpaka mwisho wa uwanja.

Bwana Baridi akaona upenyo. Akapanda ngazi za ukumbi akawaambia moshi umetoka kwa mmoja na tumekohoa wote, na katika kusukuma hakuna aliyeuliza nani aanze. Makofi. Wakarudi ndani wakakubaliana nchi zote zianze pamoja, mwaka huu huu. Yeye wakambeba juu juu. Mimi msimamizi alinisindikiza getini, kanishika kiwiko.

Jumamosi, 14 Machi
Bwana Baridi kachaguliwa kwenda mkutano mkubwa, wa nchi zote duniani. Kwa ndege. Mke wangu anampigia mashati pasi, tena kwa pasi niliyoitengeneza mimi. Sina wivu. Kifua tu ndicho kinabana, nadhani ni ule moshi.

Ila nimekaa nikafikiri. Maneno yamesemwa asubuhi nzima, nchi hazikuacha tabia zake. Jenereta dogo limenguruma dakika chache, zikashikana mikono. Sasa huko zinakuja zote. Dogo halitatosha.

Nimemtuma binti yangu akamuulize mjomba wake ndege inaruhusu mzigo wa kilo ngapi.