Kisu cha Kabla ya Reli

Kutoka Kimbo mpaka Ngoliba, hakuna aliyeijua asili ya visu vya kale vya kukunja kumshinda Kang'ethe. Ni kweli hakuna mwingine aliyewahi kuuliza, lakini ubingwa ni ubingwa!

Chake alikinunua kwa muuza vyuma kuukuu mjini Thika: mpini alioapa ni wa pembe ya nyati, na bapa lililovaa kutu kama sweta. Kila Jumamosi alifunga kibanda chake cha kutengeneza simu akaenda Ngoliba kuhoji wazee. Kila mzee, baada ya kununuliwa chai, alikubali kwamba kisu kilifuliwa na wahunzi wa huko kabla reli haijafika Thika. Mmoja aliyeongezewa chapati alikumbuka hata jina la mhunzi.

"Buda, si tukinoe?" rafiki yake Mwas alimsihi, ngurario, sherehe ya kimila ya kumwoa Wamboi, ikikaribia. "Utakata bega la mbuzi na hii kitu mbele ya wazee! Ukikosa kiungo, Wamboi unamsahau!"

Kang'ethe alishika kifua. "Kunoa? Mwas, hiyo si kutu. Hiyo ni ushahidi!"

Siku ikafika. Nyumbani kwa kina Wamboi, nje kidogo ya Thika, mbuzi aliyechomwa aliletwa mezani. Mzee Wanyoike, baba ya Wamboi, alikaa mbele na suti ya kijivu na ile kofia yake iliyopauka, ambayo hata mazishini haikuvuliwa.

Kang'ethe akahutubia. Wahunzi! Reli! Pembe ya nyati! Nyama ikapoa.

Hatimaye akakikunjua kisu, kikalia kama geti la shule. Akasugua bega mbele, akasugua nyuma. Bega halikujua kama limeguswa.

"Haiya! Anakata ama anapiga pasi?" wanawake wakaangua kicheko. Wamboi akajifunika uso kwa leso.

Shangazi yake, Tata Emmah, hakucheka. Alikuwa ameona kutu juu ya nyama.

"Wewe kijana, unataka kutumaliza na pepopunda?" Akampokonya kisu, akaelekea jikoni.

"Tata, usikioshe! Hiyo ni historia!"

"Historia itapita kwa majivu kama sufuria!"

Akakisugua kwa majivu na ndimu, akakinoa kwenye jiwe. Aliporudi, bapa lilimeta mpaka likasomeka.

"Kumbe kina maandishi," akasema, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Zawadi kwa mteja. Mifuko kumi ya chumvi ya ng'ombe. 2004."

Hata nzi walisubiri.

Mzee Wanyoike akaivua kofia polepole, akawageuzia watu upande wake wa mbele. Maandishi yaliyofifia yalikuwa yale yale, ila mifuko ilikuwa mitano.

"Mimi nilinunua mitano," akasema. "Visu vya mifuko kumi nikadhani ni uongo wa yule muuzaji. Sasa niambie, profesa: hii kofia nayo ilishonwa kabla ya reli?"

Kang'ethe akakipokea kisu kwa Tata Emmah, akakata bega. Kiungo kikaachia mara moja. Vigelegele! Wamboi akapatikana.

Mzee akanyoosha mkono, akakichukua kisu, akamvisha mkwe wake ile kofia.

Jumamosi iliyofuata Kang'ethe alionekana Ngoliba, kofia kichwani, akiwanunulia wazee chai.